Mfereji wa Panama na Jasho la Watu wa Visiwani

Mwezi uliopita alifika katika ofisi yetu mzee mmoja kutoka shamba, ambaye umri wake umekwisha kupindukia miaka sabini. Alikuwa na bahasha iliyochakaa, na ndani yake mlikuwamo vipande vya kadi iliyoliwa na mchwa. Katika ujana wake mzee huyo alikuwa kibarua wa kuponda kokoto na kumwaga lami katika mojawapo ya barabara kuu za kisiwa hiki. Sasa anadai kiinua mgongo chake, naye ameambiwa alete ushahidi wa miaka aliyofanya kazi. Kadi imeliwa na mchwa, na ofisi iliyomwajiri inasema kwamba daftari la vibarua wa wakati ule halionekani. Hakuja kwetu kushitaki. Alikuja kuuliza iwapo gazeti, katika habari zake za siku barabara ile ilipofunguliwa, liliyataja majina ya waliofanya kazi.

Tulifungua majalada yetu ya zamani. Tulikuta jina la mgeni wa heshima, jina la mhandisi, gharama za kazi na idadi ya maili. Jina la kibarua hata mmoja hatukuliona. Tulimweleza mzee wetu ukweli huo kwa haya. Akashukuru, akaenda zake. Basi kabla hatujamnyoshea kidole mtu yeyote, tunakiri kwamba na sisi tumo katika lawama.

Tukio hilo limetukumbusha kazi moja kubwa kupita barabara zetu zote, nayo ni ya kuchimba Mfereji wa Panama. Tumeona vyema kuieleza leo kwa urefu, kwa sababu sehemu kubwa ya jasho lililomwagika kule lilikuwa ni jasho la watu wa visiwani kama sisi, na kwa sababu ndani ya historia hiyo mna mafunzo ambayo wananchi na wakuu wa Serikali watayatambua bila ya kufasiriwa.

Ndoto ya Wafaransa

Panama ni shingo nyembamba ya ardhi inayounganisha Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Kwa karne nyingi meli iliyotaka kutoka bahari ya upande mmoja kwenda ya upande wa pili ililazimika kuizunguka ncha ya kusini ya bara zima. Kati ya mwaka 1850 na 1855 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya kuikata shingo hiyo, na maelfu ya vibarua, wakiwamo Wachina, Waairishi na Wajamaika, walipoteza maisha yao. Huo ulikuwa mwanzo tu.

Tarehe 17 Novemba, 1869, ulifunguliwa Mfereji wa Suez kule Misri, na hata sisi wa mwambao huu tuliguswa na jambo hilo, kwani mwaka 1872 meli za barua za British India zilianza kufika Unguja kwa utaratibu maalumu. Dunia ikamsifu Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeusimamia mradi huo. Ni wachache waliokumbuka kwamba katika miaka ya mwanzo mfereji ule ulichimbwa na wakulima wa Kimisri waliotolewa mashambani mwao kwa nguvu, kiasi cha watu 20,000 kila mwezi kwa zamu, mpaka utaratibu huo wa shokoa ulipokomeshwa mwaka 1864.

Kwa kulewa sifa, Bwana de Lesseps alikwenda Panama akidhani kwamba yaliyowezekana katika mchanga wa Misri yangewezekana pia katika milima yenye misitu na mvua. Kazi ilianza mwaka 1881. Alitaka mfereji uliolingana na bahari, usio na vyumba vya kupandishia meli. Lakini mto Chagres ulifurika kila masika, kuta za udongo ziliporomoka kila zilipochimbwa, na homa ya manjano na malaria zikawafyeka watu. Inakisiwa kwamba watu wapatao 20,000 walikufa wakati wa Wafaransa, na wengi wao walikuwa watu weusi kutoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibiani. Mwaka 1889 kampuni ilifilisika. Wenye hisa kule Ufaransa walilia akiba zao, na kilio chao kikaandikwa katika magazeti ya dunia nzima. Maelfu ya Wajamaika walioachwa Panama bila kazi wala nauli hawakuwa na gazeti la kuwalilia. Serikali ya Jamaika ililazimika kuwarudisha kwa gharama ya umma. Jambo hilo, kama tutakavyoona, Jamaika haikulisahau.

Kisiwa Kinachomwaga Vijana

Tarehe 3 Novemba, 1903, Panama ilijitenga na Kolombia, huku manowari za Marekani zikiwa karibu. Siku kumi na tano baadaye ulitiwa saini mkataba ulioipa Marekani ukanda wa upana wa maili kumi kutoka bahari hadi bahari. Aliyetia saini kwa niaba ya Panama hakuwa Mpanama, bali Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla. Ubeberu una desturi ya kuwasemea wenyewe wakiwa hai. Mwezi Mei, 1904, Wamarekani wakaanza kazi.

Walihitaji mikono, na macho yao yakaangukia Barbados. Kisiwa hicho ni kidogo. Eneo lake halifiki nusu ya Pemba, na wakati ule kilikuwa na watu karibu 200,000. Utumwa ulikuwa umekomeshwa katika miaka ya 1830, lakini ardhi ilibaki mikononi mwa wenye mashamba ya miwa. Aliyekuwa mtumwa alipata uhuru wa mwili wake. Kiwanja cha kusimamisha kibanda chake kilibaki kuwa cha bwana. Halafu bei ya sukari ikaanguka, kwa kuwa Ulaya ilijifunza kutengeneza sukari yake yenyewe kutokana na viazi sukari. Sisi tunaoishi kwa karafuu hatuhitaji kuelezwa nini huwapata watu wa kisiwa chenye zao moja wakati bei ya zao hilo inapoanguka.

Kuanzia mwaka 1905 mawakala wa Marekani walifungua ofisi katika mji wa Bridgetown. Vijana walijaa barabarani kwa mamia. Daktari aliwapima macho, mapafu na moyo. Waliofaulu wakatia saini au dole gumba katika mkataba wa siku 500 za kazi, saa kumi kila siku, kwa ujira wa senti kumi za Kimarekani kwa saa. Nauli ya kwenda ilikuwa bure, na ahadi ilikuwa kwamba baada ya siku hizo mtu angerudishwa kwao bure. Dola moja kwa siku! Katika mashamba ya miwa kijana yule alikuwa akipata kiasi cha robo yake au chini ya hapo. Watu wapatao 20,000 waliondoka Barbados kwa mikataba hiyo, yaani karibu mtu mmoja katika kila kumi wa kisiwa kizima, na maelfu wengine walijilipia nauli ya sitaha wenyewe. Wengine walitoka Martinique, Guadeloupe na visiwa vidogo vya jirani.

Jamaika ilifanya vingine. Gavana wa kisiwa hicho alikumbuka gharama ya mwaka 1889, akataka Wamarekani waweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kuwarudisha wafanyakazi kwao kazi itakapokwisha. Wamarekani walikataa, na mawakala wao hawakuruhusiwa kuandikisha watu. Ni kweli kwamba Wajamaika wengi walikwenda hata hivyo kwa nauli zao, hasa mafundi walioweza kujilipia, na kwamba maskini wa Jamaika waliikosa nafasi ile. Hatusemi kwamba Gavana yule alikuwa mpenzi wa wanyonge. Tunasema tu kwamba alijua tofauti baina ya ahadi iliyo katika karatasi na fedha iliyo katika hazina.

Watu wa Fedha na Watu wa Dhahabu

Katika lugha yetu neno fedha lina maana mbili, ya madini na ya pesa. Kule Panama madini hayo yalikuwa na maana ya tatu: yalionyesha thamani ya mtu. Wafanyakazi waligawanywa katika madaftari mawili. Daftari la dhahabu lilikuwa la Wamarekani weupe, waliolipwa kwa sarafu ya Kimarekani iliyotegemea dhahabu. Daftari la fedha lilikuwa la wengine wote, waliolipwa kwa sarafu ya fedha ya Panama. Mwanzoni mafundi wachache weusi waliingizwa katika daftari la dhahabu. Kabla ya miaka mingi kupita wakatolewa, na kufikia mwaka 1908 daftari hilo likawa karibu la raia wa Marekani peke yao.

Mgawanyo huo haukuishia siku ya mshahara. Katika posta palikuwa na dirisha la dhahabu na dirisha la fedha. Maduka yalikuwa hivyo hivyo, na mabomba ya maji ya kunywa, na hospitali, na shule, na mabehewa ya treni. Mtu wa dhahabu alipewa nyumba yenye wavu wa kuzuia mbu madirishani na barazani, likizo yenye mshahara, na malipo alipougua. Mtu wa fedha alilala katika banda lenye vitanda vya turubai vilivyopangwa juu kwa juu, watu 72 katika chumba kimoja. Wengi walipendelea kujijengea vibanda vyao msituni au kupanga vyumba katika vichochoro vya Colón na mji wa Panama. Kibarua alipewa kipande cha shaba chenye namba. Kwa kipande hicho alihesabiwa asubuhi, na kwa kipande hicho alilipwa. Msimamizi hakuwa na haja ya kujua jina lake, na mara nyingi makarani waliliandika vibaya.

Wala haikuwa tofauti ya rangi peke yake. Waspanyola wapatao 8,000 waliletwa kutoka Ulaya, nao pia wakaandikwa katika daftari la fedha. Lakini walilipwa senti ishirini kwa saa, mara mbili ya Wabarbados, kwa kazi ile ile ya sururu na koleo. Mwenye kujenga kwa kuwagawa wafanyakazi hupata faida mbili: hulipa kidogo, na huwafanya watazamane wao kwa wao badala ya kumtazama yeye.

Culebra na Makaburi

Wamarekani waliiacha ndoto ya mfereji uliolingana na bahari. Waliuziba mto Chagres kwa boma kubwa huko Gatún, wakafanya ziwa lililo juu ya usawa wa bahari kwa mita 26, na wakajenga vyumba vya maji vyenye milango ya chuma vya kuipandisha meli mpaka ziwani na kuiteremsha upande wa pili. Lakini katikati ulisimama mlima, na mlima huo ilibidi ukatwe. Pahala hapo paliitwa Culebra.

Kule Culebra walifanya kazi maelfu ya watu kwa wakati mmoja, katika joto, matope na moshi wa makaa. Watu wa visiwani ndio waliotoboa miamba na kuibeba baruti vichwani. Baruti ile mara nyingine ililipuka kabla ya wakati wake, kwa joto la jua, kwa radi, au kwa sururu iliyogonga baruti ya jana iliyokataa kulipuka. Tarehe 12 Desemba, 1908, pale Bas Obispo, tani nyingi za baruti zililipuka kabla ya saa yake na kuua watu zaidi ya ishirini papo hapo. Na mlima wenyewe haukutulia. Udongo uliporomoka usiku, ukafukia reli na mashine za miezi mingi, na asubuhi kazi ikaanza upya.

Ni haki kumtaja hapa Dakta William Gorgas. Kwa kufuata elimu ya Mkuba Carlos Finlay, aliyesema tangu mwaka 1881 kwamba homa ya manjano inaletwa na mbu, Dakta huyo aliyafukiza majumba, akayamwagia mafuta madimbwi na kuleta maji ya bomba, hata kufikia mwisho wa mwaka 1905 homa ya manjano ikatoweka. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini homa ya manjano ndiyo iliyowatisha zaidi weupe. Ugonjwa uliowaua zaidi watu wa visiwani ulikuwa kichomi, na kichomi ni ugonjwa wa mtu anayelowa mvua mchana kutwa, asiye na nguo ya kubadilisha, akalala katika banda lililosongamana. Hakikuhitaji elimu mpya, kilihitaji nyumba. Na nyumba zilikuwa za dhahabu.

Hesabu rasmi ya Wamarekani inasema kwamba toka 1904 hadi 1914 walikufa wafanyakazi 5,609 kwa maradhi na ajali. Kati yao wapatao 4,500 walikuwa watu weusi wa visiwani, na Wamarekani weupe wapatao 350. Wengi walizikwa Mount Hope, karibu na Colón. Nyuma yao, katika vijiji vya Barbados, walikuwako wanawake waliokwenda posta kila mwisho wa mwezi kutazama kama hawala imefika. Na wapo walioendelea kwenda baada ya hawala kukoma, kwa kuwa barua ya kueleza sababu haikuandikwa.

Nishani na Baada ya Nishani

Tarehe 15 Agosti, 1914, meli iitwayo Ancon ilipita rasmi katika mfereji. Marekani ilikuwa imekwisha kuandaa nishani kwa waliojenga. Ilifuliwa kutokana na vyuma chakavu vya shaba vilivyoachwa na Wafaransa, ilikuwa na sura ya Rais Theodore Roosevelt, na kila moja ilikuwa na namba. Walitunukiwa zaidi ya watu 7,000, kila aliyefanya kazi miaka miwili au zaidi, kwa sharti moja: awe raia wa Marekani. Mbarbados aliyetoboa mwamba kwa miaka tisa alibaki na namba yake ya kwanza, ile ya kipande cha shaba.

Kisha wakaanza kuachishwa kazi. Mwaka 1913 walikuwako wafanyakazi zaidi ya 40,000. Kazi ilipopungua, maelfu waliambiwa waondoke. Vijiji vingi walivyoishi vilikuwa vimekwisha kumezwa na ziwa la Gatún au kuvunjwa kwa amri. Wenye mkataba walikuwa na haki ya nauli, na wapo waliorudi. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuoa na kuzaa, au hawakuwa na kitu cha kurudia. Mwezi Februari, 1920, wafanyakazi wa fedha kwa maelfu waligoma wakiongozwa na mwalimu mmoja Mbarbados, William Stoute, wakidai ujira wa kumwezesha mtu kuishi. Mgomo ulivunjwa, na waliogoma wakatolewa katika nyumba za ukanda ule.

Yaliyofuata yanasikitisha zaidi, kwa kuwa hayakutoka kwa Wamarekani. Mwaka 1941, chini ya Rais Arnulfo Arias, katiba mpya ya Panama iliwavua uraia watoto wa watu hao weusi ambao lugha yao ya asili haikuwa Kispanyola. Walizaliwa Panama na baba zao walizikwa Panama. Katiba ya mwaka 1946 ikawarudishia haki hiyo, lakini fedheha hairudishwi na katiba. Na kuhusu wazee wenyewe, ni mwaka 1937 tu, yaani miaka 23 baada ya mfereji kufunguliwa, Bunge la Marekani lilipopitisha msaada kwa wazee wa daftari la fedha wasiojiweza: dola moja kwa mwezi kwa kila mwaka wa utumishi, usizidi dola 25. Mwishoni mwa miaka ya 1940 maneno fedha na dhahabu yakafutwa, na mahali pake pakaandikwa kiwango cha Marekani na kiwango cha wenyeji. Ofisi ikibadilisha jina la dhuluma, dhuluma yenyewe haipungui hata senti.

Panama haikukaa kimya. Baada ya miaka mingi ya madai, na damu ya vijana iliyomwagika mwezi Januari, 1964, mkataba ulitiwa saini tarehe 7 Septemba, 1977, baina ya Jenerali Omar Torrijos na Rais Jimmy Carter, na adhuhuri ya tarehe 31 Desemba, 1999, mfereji ukawa mali ya Panama.

Mafunzo kwa Visiwa Vyetu

Watakuwapo watakaosema kwamba vijana wale hawakufungwa kamba, walikwenda kwa hiari yao, na walipata mara nne ya walichokuwa wakipata kwao. Hoja hiyo ina ukweli, wala hatuikwepi. Pesa za Panama zilileta heri Barbados. Kwa pesa hizo watu walinunua viwanja kutoka mashamba yaliyofilisika, wakajenga nyumba, wakaingia katika vyama vya kusaidiana na kuwasomesha watoto. Wapo waliorudi na saa mifukoni na hawakukubali tena kumvulia kofia mwenye shamba. Kwa hiyo hatusemi kwamba wasingekwenda. Tunachosema ni kwamba hiari ya mwenye njaa ni hiari nyembamba, na ni wajibu wa serikali kuipanua.

Leo vijana wetu, na zaidi mabinti zetu, wanakwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi majumbani na madukani. Wanakwenda kwa sababu zile zile za Barbados, na hawala zao zinajenga nyumba za matofali katika vijiji vyetu. Hatuwashauri wakuu wetu wawafungie milango, kwani mlango ukifungwa mtu hupita dirishani, na apitaye dirishani hana wa kumtetea. Tunawashauri wafanye mambo matatu. Kwanza, mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya msafiri na mzazi au ndugu yake, na nakala ibaki kwa sheha. Pili, wakala asipewe ruhusa kwa ahadi. Aweke dhamana ya nauli ya kurudi katika hazina ya Serikali, kama alivyotaka Gavana wa Jamaika. Tatu, liwepo daftari la wote walioondoka, na mtu wa kulisoma, ili hawala ikikoma ndugu wajue pa kuuliza.

La pili linahusu kazi za hapa hapa nyumbani. Bandari, viwanja vya ndege, barabara na mabomba ya maji yanajengwa na kampuni za ndani na za nje. Yupo mtaalamu anayestahili mshahara mkubwa kwa ujuzi wake, na hatumwonei wivu. Lakini pale ambapo watu wawili wanaendesha mashine ya aina moja, kwa saa zile zile, na mmoja analipwa mara tatu kwa sababu ya pasipoti yake, hilo ni daftari la dhahabu na fedha, hata likipewa jina gani. Tunawaomba wakaguzi wa kazi wasiishie ofisini kwa msimamizi kunywa chai, bali washuke mpaka shimoni na kuuliza.

La tatu ni hili la mzee wetu. Msaada wa mwaka 1937 kule Panama, mdogo na wa kuchelewa kama ulivyokuwa, ulihesabiwa kwa miaka ya utumishi. Palikuwa na madaftari. Walioliita jina la mtu kwa namba, na kuliandika vibaya, angalau waliliandika na kulihifadhi. Je, ni fedheha gani kwetu sisi, tunaosema kwamba mfanyakazi ni mwenye nchi, ikiwa hatuwezi kuonyesha daftari la waliojenga barabara ya juzi? Reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne ya 20, katika zama zile zile za Panama, tunajua ilitoka mjini ikaenda maili saba. Waliolaza mataruma yake hatuwajui. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, angalau inajulikana kuwa ililetewa Wahindi karibu 32,000 na kwamba karibu 2,500 kati yao walikufa. Wakoloni walihesabu kwa sababu waliogopa hasara. Sisi tuhesabu kwa sababu ni watu wetu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila wizara na kila kampuni inayomaliza kazi ya umma iwajibike kukabidhi daftari la vibarua wake katika Nyaraka za Taifa, kama inavyokabidhi funguo za jengo. Na lile jiwe la ufunguzi, linalobeba jina la mgeni wa heshima kwa herufi za dhahabu, liwe na ubao wa pili pembeni yake wenye majina ya waliochanganya saruji. Haitagharimu zaidi ya zulia jekundu la siku ile.

Na sisi wa gazeti? Mwaka 1963, karibu na miaka 50 ya Mfereji wa Panama, chama kimoja cha historia kule Panama kiliwaalika wazee waliouchimba, wale wa daftari la fedha, waandike kwa mikono yao wenyewe waliyoyaona. Barua zaidi ya mia zilifika, nyingine kwa mwandiko wa kutetemeka. Zimehifadhiwa hadi leo, na mengi ambayo dunia inayajua kuhusu watu wale inayajua kwa barua hizo. Na tangu mwaka 1980 kipo chumba cha makumbusho yao katika mji wa Panama, ndani ya kanisa dogo la zamani la watu wa visiwani. Haikuhitaji fedha nyingi. Ilihitaji mtu wa kuuliza kabla wazee hawajamalizika.

Basi kuanzia wiki ijayo tutatenga nafasi katika ukurasa huu, kila Jumamosi, kwa ajili ya waliojenga visiwa hivi. Aliyefanya kazi ya barabara, gati, shule au mtaro atuletee jina lake, pahala alipofanya kazi, miaka yake, na majina ya wenzake wawili wanaomkumbuka. Asiyejua kuandika aje, mwandishi wetu atamwandikia. Tutayachapa kama yalivyo, na tunaziomba ofisi zinazohusika ziyapokee kuwa ni ushahidi mpaka zitakapoonyesha daftari bora zaidi. Jina la kwanza tunalo tayari. Ni la yule mzee wa bahasha, na wenzake wawili wamekwisha kupatikana, mmoja Makunduchi na mmoja Mkokotoni.